Mwanangu ananiita Sauzi, shemeji anasema nitarudi kwenye sanduku

Shangazi, salaam aleikum.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Chumbageni hapa Tanga. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Nina watoto watatu, na wa kwanza, wa kiume, yuko Johannesburg mwaka wa saba sasa, anatengeneza simu. Hajarudi hata mara moja. Kila Idi ananiahidi, kila Idi inakuja hela badala yake mwenyewe. Mwaka huu kabadilisha maneno: "Mama, njoo wewe. Njoo na mdogo wangu mpumzike wiki tatu, mwezi wa sita." Tiketi kashakata, kanitumia kwenye simu.

Nilifurahi siku moja. Siku ya pili akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaniwekea klipu. Gari limesimama kwenye taa za barabarani, mtu anavunja kioo, ananyakua mkoba, anapotea. Klipu nyingine watu wanakimbizwa na marungu kwa sababu ni wageni. Akaniambia, "Shemeji, huko utakwenda kwa miguu yako na utarudi kwenye sanduku." Tangu hapo ananitumia klipu moja asubuhi na moja usiku, kama dozi.

Nikimuuliza mwanangu, anacheka. "Mama, hamna noma, mimi si nipo?" Nikimuuliza anakaa mtaa gani, anasema "mjini tu." Nitashindaje akiwa kazini? "Utazoea." Shangazi, mtoto niliyemfundisha herufi mwenyewe ananijibu kama mpangaji anayedaiwa kodi. Naona haya kuendelea kuuliza, asije akadhani nadharau anapoishi.

Mimi mpaka niliovuka ni mmoja tu, kwenda Mombasa arusini, na nilikwenda na basi zima la watu wa nyumbani. Binti yangu ana miaka 22, yuko chuo, yeye angeondoka hata kesho; ameshaanza kupanga nguo za kupigia picha. Jirani naye kasikia, kaniletea kifurushi cha viungo na mitishamba nimpelekee mwanawe huko huko, kashakizungushia gundi vizuri. Kwa hiyo mtaa mzima unajua nakwenda, isipokuwa mimi.

Niambie, niende au nimwambie arudishe tiketi? Nikienda, mtu wa umri wangu anajilindaje kwenye nchi yenye sifa hiyo? Nivae nini, nibebe nini, nitoke au nikae ndani wiki tatu kama mfungwa? Na binti anauliza kama kweli mwezi wa sita kule kuna baridi, maana anaona ni uongo wa kaka yake.

Mama wa Chumbageni, Tanga

*

Waaleikum salaam, Mwalimu.

Nenda. Nimetanguliza jibu ili yaliyobaki uyasome moyo ukiwa umetulia.

Sasa tuzungumze. Umeniandikia mambo mengi ya kutisha, na lililonitisha mimi kuliko yote umelipitisha kwa mstari mmoja: kifurushi cha jirani kilichozungushiwa gundi. Hicho ndicho kitu cha hatari zaidi katika barua yako nzima, na hakiko Johannesburg. Kiko nyumbani kwako Chumbageni, pengine juu ya kabati.

Simtuhumu jirani yako. Huenda ni iliki na mdalasini kweli. Huenda pia yeye mwenyewe kapewa na mtu, na mtu huyo kapewa na mtu. Lakini uwanja wa ndege haumjui jirani. Kilichomo kwenye begi lako ni chako, na utakapoulizwa kama begi umelifunga mwenyewe ukasema ndiyo, umeshakitia sahihi. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inafika mpaka kifungo cha maisha, na ofisi ya forodha ya nchi ya watu si mahali pa kuanza kueleza kwamba "nilipewa na mama fulani wa nyumba ya tatu." Tena wenye biashara hiyo wanawapenda sana watu wa sampuli yako: mama mtu mzima, mwalimu, mtandio kichwani, mtoto anamsubiri kule. Nani atakupekua? Na hata kama ni mitishamba mitupu, Afrika Kusini haipokei mimea na mbegu kiholela, zinataka kibali.

Mwambie jirani mwanao kakukataza kubeba cha mtu. Msingizie yeye. Watoto wa kiume walio mbali ndiyo kazi yao.

Shemeji yako, kwa upande mwingine, hasemi uongo, na nisingependa umcheke. Polisi wa Afrika Kusini wenyewe hutangaza hesabu zao za uhalifu, na kwa mwaka 2022/23 waliouawa walipita 27,000, yaani zaidi ya 70 kwa siku. Hizo klipu za wageni kukimbizwa nazo zina ukweli nyuma yake: mwaka 2008 walikufa watu zaidi ya 60, kisha mwaka 2015 yakarudi, na 2019 tena. Kosa la shemeji ni kwamba klipu haina ramani wala saa. Haikuambii ni mtaa gani, ni saa ngapi, na yule mama mwenye mkoba alikuwa ameuweka wapi kabla kioo hakijavunjwa. Mauaji mengi yanarundikana kwenye maeneo machache, na kwa yale ambayo sababu yake imejulikana, ugomvi na kutoelewana ndiko kunakoongoza. Watu wanajuana, wanakunywa, wanagombana. Hayo hayamgusi sana mgeni wa wiki tatu. Linalomgusa mgeni ni wizi wa haraka.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na Johannesburg hutageuka kuku mweusi kwa kununua miwani. Jinsi unavyotazama majengo tu inatosha kukusema. Kwa hiyo usihangaike kujificha. Hangaika na kuvuka. Ukiwa umekaa ndani, hakuna anayekujua. Ukiwa mchana katikati ya watu, umechanganyika. Mgeni anaibiwa kwenye zile dakika tatu za katikati: kutoka uwanjani kwenda garini, kutoka garini kwenda getini, kutoka kwenye mashine ya pesa kwenda barabarani. Hizo dakika ndizo za kuzipangia.

Nakuambia hivi kwa sababu mimi nimeibiwa Johannesburg, na haikuwa usiku wala kichochoroni. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, kwenye mashine ya kutolea pesa iliyo nje, ukutani. Kijana mmoja, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mashine hizi siku hizi zimebadilishwa, inabidi ubonyeze hapa kwanza. Kidole gumba chake kikapita mbele ya pua yangu, kikabonyeza. Kadi ikatoka. Akaichukua, akanikabidhi, akasema samahani mama, labda ujaribu ya ndani. Nikamshukuru. Nilimshukuru, Mwalimu! Jioni nataka kulipa dukani, naitoa kadi, naona imeandikwa jina la mwanamume. Rangi inafanana na yangu, ukubwa ule ule, ila mimi sijawahi kuwa mwanamume. Kufika hapo akaunti ilikuwa imeshachotwa mara tatu.

Basi pesa utatoa ndani ya jengo la maduka, mchana, mwanao akiwa amesimama nyuma yako, kiganja kimefunika namba ya siri. Mtu akikusemesha, hata kwa Kiswahili, hata akikuita mama, bonyeza kufuta, chukua kadi yako kwa mkono wako, ondoka. Ukionekana huna adabu, ni sawa; hawakujui na hawatakuja Tanga kukusema. Kabla ya safari iambie benki yako unasafiri, na kadi ya kutembea nayo iwe ya akaunti yenye kiasi kidogo. Ile ya akaunti kubwa ibaki ndani.

Uwanja wa ndege wa Johannesburg, OR Tambo, ndiyo dakika tatu zako za kwanza. Kuna wezi wanaojulikana kwa mtindo wa kumfuata msafiri kutoka uwanjani hadi nyumbani, hasa aliyeonekana akibadilisha fedha nyingi. Kwa hiyo hesabu ya noti isifanyike pale mbele ya dirisha. Mwanao awasubiri ndani, sehemu ya kutokea abiria, si kuwaelekeza kwa simu "tokeni nje mtaniona." Anayekuja kukubebea begi na kukutafutia teksi bila kuitwa, mwambie hapana na uendelee kutembea; wapiga debe unawafahamu. Mkiwa njiani mkiona gari moja liko nyuma yenu kona baada ya kona, msiende nyumbani. Nendeni kituo cha polisi au penye watu na taa.

Ndani ya gari, yale ya kwenye klipu. Taa za barabarani wenyewe wanaziita roboti, na hapo ndipo vioo vinapovunjwa. Mwizi hahitaji nyundo. Anarusha kipande kidogo cha ile kaure nyeupe ya plagi ya gari, kioo cha pembeni kinamwagika kama chumvi, na mkono umeshaingia. Anachofuata ni kitu alichokiona. Mkoba ukiwa kwenye buti tangu mlipoondoka nyumbani, hakuna cha kuona. Nasema tangu mlipoondoka, kwa sababu ukiuhamishia kwenye buti pale mnapoegesha, umemwonyesha ulipo. Simu nayo isikae mkononi. Na mwanao akifunga gari kwa rimoti, ashike kitasa ahakikishe; kuna wanaozuia mawimbi ya rimoti, gari linabaki wazi wakati ninyi mnadhani limefungwa. Kuna pia wanaojifanya polisi kwa taa za bluu. Akisimamishwa usiku mahali patupu, awashe taa za tahadhari, apunguze mwendo, aelekee kituo cha polisi kilicho karibu. Daladala zao, zile hiasi wanazoziita teksi, zinasimamishwa kwa ishara za vidole na kila ishara ina njia yake. Usizipande bila mwenyeji.

Halafu kuna saa. Hili naliona kubwa kuliko yote ya barabarani, na hakuna atakayekuambia kwa sababu wenyeji hawalioni. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na mwezi wa sita ni majira yao ya baridi. Jua la Johannesburg wakati huo linazama karibu saa kumi na moja na nusu jioni. Wewe wa Tanga umezoea kwamba saa hiyo watu ndiyo kwanza wanashuka Raskazone kupunga upepo na baiskeli zinarudi kutoka kazini. Kule giza limeingia, ofisi zimefungwa, na barabara iliyokuwa na watu elfu mchana imebaki na wewe. Binti yako atasema "bado mapema, mama." Saa itamuunga mkono. Ninyi ongozeni siku yenu kwa jua: likianza kuinama, muwe mko njiani kurudi.

Nije kwa mwanao, maana nadhani hapo ndipo barua yako ilipouma. "Hamna noma" ni jibu la swali pana, na wewe ulitunga mitihani miaka mingi, unajua swali pana linavyompa mwanafunzi pa kukimbilia. Acha kumuuliza kama ni salama. Muulize geti lenu linafunguliwa na nani. Muulize ni njia ipi haipiti usiku. Muulize siku za kazi sisi wawili tutakuwa na nani, na tukitaka mkate tunakwenda duka gani, hatua ngapi. Kisha muulize hili: wewe mwenyewe umeshaibiwa nini, na wapi? Miaka saba katika jiji lile, kazi yenyewe ya simu, hakosi hadithi. Mahali alipoibiwa yeye ndipo usipopita wewe.

Kuuliza si dharau. Ila usishangae kama anayeona haya ni yeye. "Mjini tu" inaweza kuwa chumba kimoja kwenye ghorofa lisilo na mlinzi, ambalo hataki mama yake alione, na bado hamu ya kukuona imemshinda. Mpe njia ya kukuambia bila kuumbuka. Mwambie, "Mwanangu, mimi sikuja kukagua. Ila kama pana shida, tukodi chumba cha wageni chenye geti kwa wiki hizo tatu, nina akiba kidogo ya kiinua mgongo." Sikiliza atakavyonyamaza. Utajua.

Mavazi, vaa unavyovaa. Baibui na mtandio havitamshangaza mtu. Ukifika Fordsburg adhana utaisikia kama uko Ngamiani. Dhahabu tu ndiyo ibaki: bangili, hereni, na ule mkufu ambao najua unao. Simu kubwa ibebwe na binti ndani ya mkoba wa kuvaa mbele. Wewe chukua kitochi, na namba ya mwanao uikariri kichwani, si kwenye simu tu. Andika pia 10111 ya polisi, 10177 ya gari la wagonjwa, na 112 ambayo inapokea simu za mkononi. Ubalozi wetu uko Pretoria. Mwanao akutafutie namba yake kabla hamjaondoka. Pasipoti ifungiwe ndani, utembee na nakala ya ukurasa wa picha na ule wenye muhuri wa kuingia.

Ikitokea mtu kakusimamia na kisu au bastola, toa. Toa mkoba, toa simu, usimkazie macho, usiingize mkono mfukoni ghafla, usimwambie amche Mungu. Sisi wa Pwani tuna ulimi mrefu, na huo ndio wakati wa kuukunja. Mkishasikia mitaani kuna maandamano dhidi ya wageni, siku hiyo pikeni ndani. Hilo halina ushujaa.

Lakini usijifungie wiki tatu, Mwalimu, uliyefundisha watoto wa watu habari za ukombozi wa Afrika. Nenda Soweto mchana, na mwenyeji au na gari la watalii, ukasimame mtaa wa Vilakazi walipokaa Mandela na Desmond Tutu, wote wawili washindi wa Nobel ya Amani, mtaa mmoja. Nenda kwenye Makumbusho ya Apartheid, yapo tangu 2001. Tenga nusu siku, na leso. Ukisema unatoka Tanzania, usishangae mzee fulani akakujibu kwa Kiswahili cha zamani. Kuna walioishi Mazimbu pale Morogoro, ANC, chama cha Mandela, walipokuwa na shule yao, na wengine lugha imewabaki mdomoni.

Binti na picha zake: azipige, ila azirushe WhatsApp mkishaondoka mahali hapo. Na zile za "nipo Sauzi na mama" zisubiri mpaka mrudi, kwa sababu vibaka wa Tanga nao wana bando. Mtaa mzima unajua unasafiri. Nyumba itakuwa tupu. Hapa ndipo shemeji anapopata kazi. Mpe funguo, mwambie, "Shemeji, kwa kuwa wewe ndiye mwenye macho, nilindie nyumba ya kaka yako." Alale hapo wiki tatu. Atatoka kuwa mpinzani wa safari na kuwa sehemu yake, na klipu zitapungua, maana atakuwa na taa za kuwasha na maua ya kumwagilia.

Safari ya basi kutoka Kange mpaka Mbezi, Dar, sina la kukufundisha. Pandeni basi la asubuhi mfike kweupe, biskuti ya jirani wa kiti asante lakini nimefunga.

Na baridi, binti hakudanganywa. Usiku wa mwezi wa sita Johannesburg maji yanaweza kuganda, na nyumba zao nyingi hazina cha kupasha joto zaidi ya blanketi. Kila mmoja achukue koti zito, soksi na kofia ya sufu. Pitieni kwenye mitumba kabla ya safari: makoti ya aina hiyo Tanga hayana mnunuzi, wauzaji wanayatupa chini kabisa ya rundo. Bei mtapanga ninyi.

Shangazi